Alimleta mwenyewe atakayemrithi

Saa tatu asubuhi, giza bado limekaa kwenye madirisha ya ukumbi wa michezo wa Hirvilampi, kaskazini mwa Finland. Osaretin Igbinovia ameketi benchi akifunga bandeji kifundo cha mguu wa kushoto, kile kilichofanyiwa upasuaji mara mbili. Mikono iko kwenye bandeji, macho yako uwanjani.

Uwanjani yuko Doubara Ekiyor, miaka 22, urefu wa mita mbili na sentimita nane. Anaruka, anautumbukiza mpira kikapuni, anashuka bila kishindo.

"Hata magoti yake hayalii," anasema Osaretin. "Yangu yanalia nikipanda kitandani."

Hacheki anaposema hivyo. Ana miaka 35, na wivu alionao hauhitaji kutafutwa kwa tochi.

Alizaliwa Benin City, Nigeria, mtaa wa Uselu. Akacheza kikapu Lagos, kisha Ureno, kisha Saiprasi, msimu huu huku na ujao kule. Hirvilampi ndipo alipotulia, na huu ni msimu wake wa saba. Klabu humpa nyumba na euro 2,300 kwa mwezi, tena kwa miezi minane tu ya mwaka. Miezi iliyobaki nyumba huendeshwa na mkewe, Itohan, ambaye anahudumia wazee katika kituo cha kuwatunza.

Kinachomuuma zaidi ni kwamba Doubara hakuletwa na mtu mwingine. Kiangazi kilichopita kocha Ilmari Koskela alimuuliza kama anamjua Mnaijeria mrefu wa kumpokea dakika chache apumzike. Osaretin akatuma video ya kijana wa mji wa Yenagoa, huko kwao Nigeria, ambaye aliwahi kumwona mara moja mashindanoni. Mgeni njoo, mwenyeji apone, alijiambia. Kufikia Novemba mwenyeji alikuwa akicheza dakika tisa na mgeni ishirini na nane. Na klabu imeshasema kwamba msimu ujao itabaki na mchezaji mmoja tu wa kigeni katika nafasi hiyo ya warefu wa chini ya kikapu.

Angemchukia vizuri kama kijana angekuwa na kiburi. Hana. Humwita Kaka, humpokea begi mlangoni, humsalimia kwa kuinama mbele ya Wafini wanaobaki wakishangaa.

Kila Ijumaa baada ya mazoezi timu huingia sauna, chumba cha mvuke. Anayeshika kata ya kumwagia maji mawe ya moto ni yule ambaye wenzake wamemkubali, na Osaretin aliishika miaka sita. Mwezi Desemba nahodha alimpa Doubara. Kijana akaipokea, akageuka, akamkabidhi Osaretin kwa mikono miwili.

"Kaka, nitamwagaje maji na wewe upo?"

"Heri angenitukana," anasema Osaretin. Alitoka nje akisingizia joto.

Itohan hakumwonea huruma. "Wivu wako ungekuwa mwanamke, ningeshamtupia mabegi nje," alimwambia. "Sasa unalala katikati yetu, unanivuta blanketi."

Wiki ya pili ya Januari, kocha alimwomba Osaretin amfundishe mwenzake kazi anayoijua kuliko wote: kusimama kama ukuta ili mlinzi wa timu pinzani akwame na mfungaji wa timu yake apate nafasi ya kurusha. Kanuni ni moja, miguu itulie. Osaretin alimwambia kijana asukume kidogo kwa nyonga, maana waamuzi wa huku hawajali.

"Nilimdanganya," anasema, akiitazama bandeji. "Nilijua ninachofanya. Andika hivyo hivyo."

Jumamosi, mbele ya watu 900, Doubara alisukuma kwa nyonga. Filimbi ikalia. Akasukuma tena. Hadi mapumziko alikuwa na madhambi manne, limebaki moja atolewe, na kocha akamkalisha. Osaretin akaingia, akacheza kama wa miaka 25, akadaka mipira kumi na minne, ukumbi ukaimba jina lake. Timu ilifungwa kwa pointi moja. Anakiri kwamba hata hivyo zile sauti zilimwingia tamu.

Katika chumba cha kubadilishia nguo kocha alifoka. Osaretin alitumwa kufundisha miguu itulie, kwa hiyo alitaka kujua ni nani mwingine aliyemfundisha Doubara upuuzi ule. Kijana aliangalia viatu vyake.

"Hakuna mtu, kocha. Nimekosea mwenyewe."

Wafini waliona kijana mkweli. Osaretin aliona jingine. Kwao, mdogo hamvui nguo mkubwa mbele ya wageni, hata kama mkubwa mwenyewe ni mwongo. Walitembea pamoja kwenye theluji hadi kituo cha basi, na hapo ndipo kijana aliposema.

"Kaka, ulijua watapuliza."

"Nilijua."

"Basi nifundishe ya kweli. Mama yangu hakufunga na kuomba mwaka mzima nije kukaa benchi."

Kesho yake Osaretin alikwenda kwa kocha akasema yote. Kocha alimsimamisha mechi mbili na kumwambia kuwa hatima ya mkataba wake itajulikana Machi.

Leo ni siku ya nne ya somo jipya. Bandeji imekaza. Osaretin anaingia uwanjani na kujifanya mlinzi wa timu pinzani. Anakimbia, anamgonga Doubara aliyetuliza miguu, anaangukia makalio. Kijana anamnyanyua huku akiomba radhi.

"Usiniombe radhi. Rudia," anamwambia.

Akiulizwa kama wivu umekwisha, anaguna. "Nani kakwambia? Akiruka tu, nahesabu miaka yangu."

Mwezi Juni anataka kuanza kozi ya ukocha, apate kuwafundisha wachezaji warefu hapahapa, hata kama hatacheza tena. Klabu moja ya Ujerumani imeshaulizia habari za Doubara.

"Ataondoka, najua, na mimi nitamwona kwenye televisheni," anasema. "Huko nako watamuuliza nani alimfundisha. Nataka safari hii anitaje."