Puce iko mu muto Mulongwe

Kisu cha kukwangulia samaki mukeke kimeingia mu ordinatere yangu leo. Magamba iko mpaka mu clavier, kati ya vitufe vya kuandikia.

Asubuhi nilitaka kuweka Linux mu ile mashini ya zamani. Ikakataa. Disque imefungwa na puce ya usalama, kadude kadogo ka ndani kenye kushika ufunguo. Ikasema nifungue kwanza mu Windows.

Nikatoka kidogo kuchajisha telefone.

Kurudi, nakuta shemeji, kaka mukubwa wa muke wangu, anapanguza kisu kwa suruali.

«Nimekusaidia. Ile puce ni ya kukupeleleza. Nimeing'oa, nimeitupa mu Mulongwe.»

Nikawasha. Disque inaomba code tusiyoijua. Ufunguo iko mu muto.

Na mule ndani kuko TFC ya muke wangu, kazi yake yote ya kumalizia masomo. Kopi ingine hakuna.

Mukubwa wa muke wangu siwezi kumufokea. Nimesema asante.

Saa hii anakula ule mukeke, analalamika chumvi ni kidogo. Dada yake, muke wangu, yuko njiani, anatoka Kamanyola.

Weye ungemwambia nini huyu shemeji?

Minye nimechukua sahani yake. Nimemuongezea samaki, ili dada yake amukute hapa hapa.