Liquor Si Rika

Mimi hufundisha Kiingereza, na ugonjwa wangu ni kusahihisha watu. Lugha yetu ya Kimbeere haina l, kwa hivyo hata neno liquor, lile la pombe kali, likipita vinywani mwetu hutoka rika. Na rika kwetu ni watu wa umri wako, wale mliotahiriwa pamoja. Darasani nilikuwa na mzaha wangu: anayekunywa liquor amelewa, lakini anayekunywa rika amewameza wenzake. Wanafunzi walicheka kila mwaka, nami nilipenda sana wakicheka.

Marehemu baba alikuwa mkulima wa ndengu karibu na Ishiara, na mzee wa kanisa pia. Alipokohoa miezi miwili mfululizo nilimleta kwangu mtaa wa Dallas, hapa Embu mjini, nikampeleka hospitali. Akapatikana na kifua kikuu. Daktari, mwanamke kijana ambaye si mtu wa huku, alitueleza kwamba zile dawa hulisumbua ini, na zikikutana na pombe mambo huharibika. Halafu akamgeukia baba.

“Mzee, wewe hutumia liquor?”

Baba alitazama mikono yake.

“Rika imeisha,” akasema. “Ule wa mwisho tulizika juzi tu. Sasa ikifika jioni, mimi...”

Nikacheka. Nilimkata katikati na kucheka, Mungu anisamehe. Nikamwambia si rika, ni liquor, aanze na li, ulimi aupeleke juu nyuma ya meno. Daktari alitabasamu kwa adabu, nami nikaona nimepata darasa. Baba, mzee wa miaka sabini na kitu, akaupeleka ulimi pale nilipomwambia. Ikatoka ri. Akajaribu tena, ikatoka ri. Hapo ndipo nilipomweleza kwa Kimbeere kwamba anaulizwa kama anakunywa pombe. Aliniangalia mimi, hakumwangalia daktari, akasema hapana. Daktari akaandika hapana.

Baba alitaka kurudi kwake kuangalia shamba, nami sikumzuia. Nilimpigia simu kila Jumapili kumuuliza kama anameza dawa. Alikuwa akizimeza zote, bila kuruka hata siku moja.

Mwezi wa pili wa dawa, jirani yake alinipigia kuniambia kwamba macho ya mzee yamekuwa manjano. Tukamrudisha Embu, akalazwa. Nilipokwenda kumchukulia nguo, nilivuta gunia la ndengu lililoziba sanduku lake, nikaona chupa nyuma yake. Zilikuwa zile ndogo za bei rahisi, nyingi, zimepangwa vizuri kama alivyopanga kila kitu chake. Nikaketi juu ya kitanda chake na kuimalizia mwenyewe ile sentensi niliyomkata. Rika imeisha, sasa ikifika jioni mimi nakunywa peke yangu.

Wengine wananiambia kwamba mzee wa kanisa asingekiri jambo kama hilo mbele ya binti yake hata kidogo. Huenda. Lakini mimi nilikuwepo, nilimsikia akianza. Alikuwa amejikaza kusema jambo gumu kwa lugha isiyo yake, na mimi nilichosikia ni herufi moja tu. Najuta, na majuto haya hayajapungua.

Aliishi siku sita wodini. Siku ya kwanza yule yule daktari alikuja kitandani na karatasi zake, na safari hii akauliza kwa Kiswahili cha wazi kama mzee amekuwa akinywa pombe. Nilikuwa nimesimama upande wa pili, nimeshika kikombe chake cha uji. Baba hakukasirika. Alininyooshea kidevu.

“Uliza mwalimu,” akasema. “Mimi hiyo neno ilinishinda.”