Rimu Kubwa Kwenye Msiba wa Baba Mkwe

Nisimulie mwenyewe, maana Katesh nzima wanasimulia. Nilitoa rimu za gari langu dogo la zamani, nikafunga rimu kubwa za gari la aina nyingine, pamoja na matairi yake mapana. Likainuka, nami nikajiona mtu. Nikiwa peke yangu lilikwenda vizuri tu.

Kisha baba mkwe akafariki. Siku ya kumpeleka Masakta kumzika, jeneza lilitangulia kwenye pikapu ya shemeji yangu. Mimi nilifuata, mama mkwe na dada zake wawili wakiwa siti ya nyuma. Tulipoingia barabara ya vumbi, nikasikia harufu ya mpira unaoungua.

"Baba Neema, mbona kunanuka?" mama mkwe akauliza.

"Ni pikapu hiyo ya mbele, mama," nikajibu, na niliamini hivyo.

Harufu ilipozidi nikapiga honi mfululizo mpaka msafara wote ukasimama. Nikashuka mbio, nikamfokea shemeji mbele ya waombolezaji: "Unataka kumchoma baba?"

Shemeji akashuka. Akagusa matairi yake, yalikuwa mazima. Akaja kwenye gari langu, akainama. Uzito wa wale akina mama ulikuwa umekandamiza bodi juu ya matairi ya nyuma, yakasagika mpaka waya zikaonekana, na moshi ulikuwa ukitoka hapo.

"Shemeji," akasema taratibu, "ni wewe."

Mama mkwe akashuka bila kunitazama, akasaidiwa kupanda pikapu, akaketi kando ya jeneza la mumewe.