Mshenga Haombi Kibali

Siku moja naikumbuka, mwanangu, kuliko hata siku ya harusi yangu: siku niliyompeleka mshenga ofisi ya uhamiaji, Kibaha.

Usicheke. Mume wangu ni Mmalawi, fundi seremala, na kibali chake cha kuishi nchini kilikaribia kuisha. Mimi msichana wa Marui nililelewa kwamba mambo mazito husemewa na watu wazima. Mjomba Seif ndiye aliyetusemea mpaka tukaoana, nikaona atusemee na huko. Kumbe mshenga kazi yake kupamba. Akamwambia afisa kwamba bwana hajapata kuoa kabla yangu, ilhali hati ya talaka ya mke wa kwanza imo kwenye faili, tumeiambatanisha wenyewe.

Afisa akafunga faili. "Dada, mnaficha nini?"

Nikainamisha kichwa, nikidhani ndiyo adabu. Tukapewa wiki mbili kujieleza kwa maandishi, la sivyo mume wangu aondoke.

Nilikwenda Marui kumlilia bibi. Hakunibembeleza. "Kazi ya mshenga iliisha ulipoolewa. Mdomo unao, au umeuacha Kibaha?" Nilikasirika sana, na hasira ile ndiyo iliyonisaidia.

Nikaandika yote: talaka, tulivyokutana kituoni Kwa Mathias akishusha milango garini, hata uongo wa mjomba. Mficha uchi hazai. Nikarudi peke yangu.

"Aliyedanganya ni mjomba, aliyenyamaza ni mimi," nikamwambia afisa. "Leo niulize mimi."

Akaniuliza saa nzima. Nilipojibu la mwisho akasema niende nikasubiri. Nikakataa kuondoka mpaka nakala yangu igongwe muhuri. Akanitazama, akagonga. Kila Jumatatu nikawa naulizia, kwa salamu na bila kuchoka, hadi kibali kikatoka. Mjomba mpaka leo anadai ni kazi yake.

Sasa wewe umekuja hapa Mbwawa kuniomba nikamsemee mumeo kwa maafisa wa uhamiaji. Siendi, na usininunie. Afisa si mkweo, hahitaji kupambiwa. Mwambie kweli hata ile inayokuaibisha, iandike, baki na nakala, na usipojibiwa uliza tena. Heshima si kunyamaza unaponyang'anywa mume.

Nenda, mwanangu. Mungu akupe sauti isiyotetemeka, na huyo bwana azeekee nyumbani kwako, mkigombana.