Wimbo wa Mama, Toni Mbili Chini

Mandolini ya baba ilinuka buni. Aliitundika stoo, juu ya magunia ya kahawa, na kila nilipoikumbatia harufu ile kavu ilinipanda puani kabla sijagusa uzi. Baba alikuwa fundi wa kujenga nyumba, na kabla hajaenda kazini Kyerwa alinifundisha jambo lililonivimbisha kichwa: kupiga jozi mbili za nyuzi kwa pamoja, moja ikibeba wimbo, nyingine ikiusindikiza. Siri ilikuwa kuchagua ufunguo rahisi, yaani sauti ambayo wimbo unasimamia. Ukipiga katika G, nyuzi nyingi unaziacha wazi zilie zenyewe, na kidole kimoja tu ndicho kinachohangaika. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, mpigaji pekee katika kwaya yetu ya Ndama, na nilijiona kweli kweli.

Mwaka ule tuliandaa wimbo wa Sikukuu ya Mavuno, na mama ndiye aliyekuwa akiuongoza. Masika yalikuwa yamemwachia kikohozi kirefu. Alipopona, sauti yake ilirudi nzito na tamu, lakini juu haifiki tena. Kwenye ubeti wa tatu ikamkatikia mbele ya kwaya nzima. "Koku, mwanangu, hebu shusha kidogo," akaniomba. Angehitaji toni mbili chini, na huko chini nyuzi nilizozoea kuziacha wazi zingepotoka. Karibu kila mlio ungedai kidole. Nikajibu bila kupepesa macho, "Mama, mandolini haishuki. Ilitengenezwa hivyo." Baba hayupo, nani angenibishia? Mwalimu wa kwaya alijua koo za watu, si nyuzi, akaniamini. Mama akasema, "Basi aongoze mwingine. Mwacheni mtoto apige." Akarudi nyuma, akasimama na sauti ya pili.

Njiani kurudi nyumbani alimwambia kila tuliyekutana naye kwamba Jumapili binti yake atapiga kanisani. Jamani, nilitamani ardhi inimeze. Siku nne mfululizo nilijificha migombani, mbali na masikio yake, nikitafuta jinsi ya kushika milio ile miwili miwili toni mbili chini. Vidole viliwaka moto, nyuzi zikakoroma, nikalia kwa hasira. Mwishowe nikapata mishiko minne tu, lakini wimbo ule haukuhitaji zaidi.

Jumamosi, kwenye mazoezi ya mwisho, nikasimama mbele yao. "Shikamooni. Mwalimu, nilidanganya. Inashuka." Mwalimu akasema, "Kumbe chombo kina adabu, mwenye chombo ndiye hana!" Watu wakaangua kicheko. Mama hakucheka. Alitoka nyuma taratibu, akasimama pembeni yangu, akanifinya sikio, akaanza kuimba. Kesho yake ubeti wa tatu ulipanda wote bila kukatika, nami nilipiga mishiko yangu minne kwa fahari ambayo G haikuwahi kunipa.

Siku hizi nafundisha kwaya Kayanga. Kinanda chetu kina kitufe: ukikibonyeza, wimbo unashuka na vidole vinabaki palepale. Vijana wanakipenda, nami nakipenda pia, sitaki mtu aumie bure. Ila kabla hakijabonyezwa, kwanza namsikiliza anayeimba. Nisingekiri siku ile, mama yangu angeuacha wimbo wake bila kulalamika hata neno moja, nami ningekua nikijiita fundi.