Fundi majeneza wa Endagikot na okidi iliyochelewa

Ukungu wa Endagikot haujanyanyuka bado, na Joakimu Tluway amejaza maji mdomoni. Amesimama barazani kwake, kola ya koti imepanda hadi masikioni. Anavuta pumzi puani, kisha anayapuliza yale maji kwa nguvu kuelekea kwenye kipande cha gome la msonobari kinachoning'inia kwenye boriti. Yanatoka manyunyu laini. Majani machache membamba, mafupi kuliko kidole, yanalowa na kung'aa kidogo.

Anajifuta mdomo kwa kiganja.

"Chupa ya kupulizia iliharibika," anasema, akigundua kuwa anaangaliwa. "Hii haiharibiki."

Kinachonyweshwa maji kwa mdomo ni okidi ya Kijapani. Huko inakotoka huota juu ya miti na miamba, wenyewe huiita okidi ya upepo. Hapa Endagikot, nje kidogo ya mji wa Mbulu, haina jina. Majirani waliouliza kama ni dawa waliambiwa si dawa. Waliouliza kama inaliwa na mbuzi waliambiwa wasithubutu. Akiwaeleza kuwa ni ua, mazungumzo hukatika hapo hapo, maana katika kata ya watu wa mahindi, maharage na vitunguu saumu, mwanamume mzima mwenye ng'ombe wake hana sababu ya kuamkia ua. Tena ua lenyewe halijawahi kuchanua.

Joakimu ana miaka hamsini na minane na ni fundi majeneza. Karakana yake iko kando ya barabara, mabati machache juu ya nguzo, chini yake meza, randa, misumari na harufu ya vanishi inayokwenda naye mpaka kanisani. Kazi haina msimu. Mwezi mmoja anatengeneza mawili, mwezi mwingine anatengeneza sita na halali usiku.

"Ni kazi ambayo hata ukiifanya vizuri hakuna mtu anayefurahi," anasema huku akiisukuma randa. "Seremala wa vitanda anasifiwa. Mimi mteja wangu hajawahi kurudi kuniambia ahsante."

Anacheka peke yake. Utani huo ameshautoa mara nyingi, unaonekana.

Kuna machungu mengine asiyoyafanyia utani. Hawezi kumtembelea mgonjwa. Akikaa kidogo kwenye nyumba yenye mtu kitandani, wenye nyumba huanza kunong'ona kuwa fundi amekuja kuchukua vipimo. Kwa hiyo hutuma salamu na kubaki kwake. Kwa miaka mingi mtu wa kukaa naye, akiisha kuoga na kuvua lile koti, amekuwa mmoja tu: mkewe Marieta.

Na Marieta anapofuka.

* * *

Ukifika nyumbani kwao na kusema shikamoo, Marieta anageuza uso mzima kuelekea ilikotoka sauti, anaitikia marahaba, kisha anakuomba usogee. Anaona kwa jicho la kulia tu, na hata hilo linaona kwa katikati, kwa karibu, mchana kukiwa na mwanga mzuri. Pembeni ni giza. Anachambua maharage kwa vidole, na mawe anayoyatoa anayaweka kwenye kisahani bila kukosea.

Ugonjwa wake watu huuita presha ya macho. Ulianza kimya kimya. Alianza kugonga bega kwenye mlango, akamwaga maziwa mara mbili tatu, akalaumiwa kwa haraka zake. Walipofika kwa daktari wa macho Arusha, mwaka juzi, sehemu kubwa ilikuwa imeshaondoka.

"Daktari alikuwa mkweli," anasema Joakimu. "Alisema, mzee, kilichokwenda hakirudi. Hizi dawa za matone ni za kuchelewesha tu. Nikamuuliza inachelewa mpaka lini. Akaniambia hilo hata yeye halijui."

Jioni ile, wakirudi walikofikia, walipita mbele ya kibanda cha muuza miche. Marieta akasimama ghafla. Kuna kitu kilikuwa kinanukia, akasema, kitamu, na akataka kujua ni nini. Mwenye kibanda, mama mmoja anayeitwa Eva, akawaletea kikopo chenye maua madogo meupe, kila ua na mkia mrefu uliopinda nyuma. Marieta akakisogeza hadi puani. Akakiinua mbele ya macho, kwenye mwanga. Halafu akasema, "Hiki nakiona."

Joakimu anakumbuka alivyotabasamu. Hakuwa amemwona akitabasamu hivyo tangu walipoanza kuhangaika na hospitali. Mkewe hakuomba kununuliwa chochote, wala pesa ya anasa haikuwepo. Lakini walipofika nyumbani neno lile lilimkaa kichwani. Siku nyingi hazikupita, akampigia Eva simu.

Eva alikuwa na mche mdogo usio na maua. Bei aliyoitaja ilikuwa sawa na jeneza la mtoto mchanga, na Joakimu, ambaye hupima vitu kwa namna hiyo akitaka asitake, alijisikia vibaya alipolifikiria. Hata hivyo alilipa.

Nia yake ilikuwa moja, na hajawahi kuificha. Alitaka lile ua lichanue barazani kwake kabla jicho la mkewe halijazima.

* * *

Mche wa kwanza aliuua mwenyewe.

Ulifika na basi, umefungwa kwenye karatasi, mizizi minene myeupe imening'inia nje. Eva alikuwa amemwelekeza kwenye simu, naye akaitikia ndiyo, ndiyo, kama mtu anayejua. Kisha akauangalia ule mche kwa macho ya mkulima. Kwa watu wa huku mzizi ulio nje ni aibu. Mahindi yakionyesha mizizi unayapandishia udongo, viazi vivyo hivyo, na asiyefanya hivyo anasemwa kuwa ni mvivu.

"Nikasema huyu dada wa mjini hajui kilimo," anasema. "Nikachukua udongo mzuri, samadi ya zamani iliyopoa kabisa, nikaipanda vizuri, nikaishindilia. Kila mzizi ukitokeza naufunika. Nilikuwa na huruma nayo kweli."

Ilioza shingoni. Siku aliyoivuta, ilikuja yote mkononi, inanuka kama kitunguu kilichoharibika.

Eva alipopewa taarifa aliuliza kwa upole, "Baba, umeizika?"

Mche wa pili ulinunuliwa na binti yao, Kornelia, mwenye duka la nguo Babati. Safari hii Joakimu alisikiliza. Alichagua gome kwenye mabaki ya mbao zake, akaokota majani laini ya kijani yanayoota juu ya magogo kando ya kijito, akayatandaza juu ya gome, akaufunga mche hapo kwa uzi wa nailoni, mizizi ikabaki hewani. Aliitundika barazani upande wa mashariki. Maji akatumia ya mvua tu. Ulipoingia mwezi wa saba, ile baridi ya Mbulu inayowafanya watu waote moto mpaka mchana, aliogopa sana, lakini Eva akamwambia aiache, inapenda baridi hiyo, bila hiyo haitazaa ua.

Mwaka wa kwanza ikatoa jani jipya na mzizi wenye ncha ya kijani. Ua hakuna. Mwaka huo huo jicho la kushoto la Marieta likazima kabisa.

Mwaka wa pili, mvua za vuli zilipokaribia, Joakimu aliona kitu kimetokeza chini ya majani. Alidhani ni mzizi mwingine. Baada ya muda kikagawanyika, vikawa vitumba vitatu, vidogo kama punje za mtama.

"Nilimwita mama Kornelia, nikamshika kidole nikamgusisha," anasema. "Polepole. Akasema, haya, mwaka huu tumepata."

* * *

Siku mambo yalipoharibika Joakimu hakuwepo. Familia moja ilifiwa na mzee wao aliyekuwa akitibiwa Haydom, na jeneza lilitakiwa huko. Akapanda na jeneza lake kwenye gari la mizigo. Mvua kubwa ikanyesha, barabara ikawa tope tupu, akalazimika kulala huko huko.

Nyumbani Marieta alikuwa peke yake alasiri mawe yalipoanza kudondoka. Alisikia yakipiga bati la jirani kwanza. Mvua ya mawe anaijua, imeshawalazia shamba zima la maharage. Alitoka barazani akipapasa ukuta, akapandia kigoda, akalikuta gome, akalitoa kwenye ndoano. Anasema alipigwa na mawe mabegani, hakujali.

Kisha akaipeleka mahali salama kuliko pote anapopajua.

Jikoni kwao, juu ya mafiga, kuna fito nyeusi kwa masizi. Hapo hutundikwa mahindi ya mbegu yakiwa na maganda yake, yapate moshi, yasiguswe na bungua wala panya, mpaka siku ya kupanda. Mama yake Marieta alifanya hivyo, na bibi yake pia. Kitu cha kuliwa unaweza kukiweka popote. Kitu ambacho hutaki kife unakiweka pale.

"Niliifunga katikati ya mbegu," anasema Marieta, vidole vimesimama juu ya maharage. "Nikasema hapa hakuna mawe, hakuna baridi, hakuna kuku. Nikaikokea moto."

Kuni zilikuwa mbichi kwa ile mvua. Moshi ulikuwa mwingi kuliko siku zote. Hakuuona, aliusikia machoni tu, akaendelea kuchochea.

Joakimu alirudi kesho yake akiwa na tope hadi magotini. Alikuta ndoano tupu barazani. Alipoingia jikoni alielewa bila kuuliza. Aliishusha, akaifuta jani moja moja kwa kitambaa chenye maji. Vitumba vilikuwa bado vipo, akajipa moyo. Baadaye vikaanza kuwa vya njano. Cha kwanza kilidondoka alipokuwa akikitazama, viwili akavikuta sakafuni.

Alimpigia Eva. Maua haya hayavumilii moshi, Eva akamwambia, moshi unayafanya yazeeke kabla hayajafunguka. Mmea utapona, ila ua ni mpaka mwakani.

"Nilimkasirikia mke wangu, sitadanganya," anasema Joakimu. "Sikumwambia neno. Nilikwenda karakana nikachukua ubao, nikaupiga randa mpaka ukawa mwembamba haufai kitu. Mbao nzuri kabisa. Halafu nikaona aibu. Mtu asiyeona amepanda kwenye kigoda kwenye mawe kwa ajili ya kitu changu, na mimi nimenuna."

Inauma kusikiliza. Inauma zaidi kwa kuwa Marieta yuko hapo hapo mlangoni, na anasikia kila neno.

* * *

Wiki chache baada ya hapo walirudi kwa daktari. Jicho la kulia limepungua tena. Safari hii daktari hakuzungumzia kuchelewesha. Aliwaambia waende wakajipange kuishi na giza.

Ndani ya basi Joakimu alianza kuomba msamaha. Alisema angewahi kununua, angeacha ujinga wa samadi, asingekwenda Haydom siku ile, ua lingekuwa limeshafunguka. Aliongea mpaka Dongobesh. Hapo Marieta akamkatisha.

"Nani alikuambia nataka ua?" Maneno haya wanayakumbuka wote wawili, na kila mmoja anamrekebisha mwenzake. "Kule Arusha nilifurahi kwa sababu niliona. Hata ungekuwa mfuko wa sukari ningefurahi."

Joakimu akamgeukia.

"Baba Kornelia," Marieta akaendelea, "wewe unatoka asubuhi na giza, unarudi na giza. Jumapili unakaa na ua lako. Jicho langu linataka mchana, na mchana wewe hupo. Ninayemjua mimi ni yule Joakimu wa zamani. Huyu wa sasa sijamwona."

Joakimu anaposimulia hapa anaokota kipande cha ubao na kukigeuza geuza. Miaka miwili yote, anasema, alikuwa anakimbizana na jicho hilo, na hakuwahi kukaa mbele yake.

Okidi bado ipo na ataendelea kuipulizia maji. Eva ameahidi kumsaidia mwakani. Lakini mpango wake mkubwa ni mwingine, na umekwisha anza: anafunga karakana jua likiwa bado juu. Wateja wanaonung'unika anawaelekeza kwa fundi mwingine mjini. Anavua koti, ananawa vanishi, anaweka kigoda pale mlangoni mwanga unapoingia, na kukaa uso kwa uso na mkewe. Siku ya kwanza Marieta alimchunguza kwa muda mrefu, kipande kwa kipande, akamwambia amezeeka vibaya. Walicheka mpaka jirani akachungulia.

Ana kovu dogo kidevuni, aliumizwa na patasi kabla hawajaoana. Marieta huanzia hapo kila siku. Akiliona kovu, anapanda na uso mpaka kwenye mvi.

Leo jua limetoka vizuri baada ya ukungu, na Joakimu amekaa mapema kuliko kawaida. Marieta anainamisha kichwa, analielekeza jicho lake la kulia kidevuni kama anavyofanya siku zote. Anatazama. Mumewe anamuuliza kama ameliona lile kovu.

Marieta bado anatafuta. Anamshika shati kifuani na kumvuta asogee zaidi.