Injini Niliyoifunga Nikiwa Kwenye Eda

Mume wangu alifariki injini ikiwa vipande vipande. Wengine wakisimulia msiba ule huanzia kwenye presha na hospitali. Mimi naanzia kwenye beseni la plastiki lililobaki gereji, uani kwetu hapa Lindi, valvu zimelala humo ndani ya mafuta ya taa. Alikuwa ameshazisaga zikakaa vizuri, bado kuzifunga tu. Akaingia ndani kupumzika, na ndiyo ikawa basi.

Pikapu ile ndiyo iliyokuwa ikitulisha. Tunakwenda Sudi kuchukua samaki, tunapita Kilangala kuchukua mihogo, tunauza mjini. Hata arobaini haijafika, wazee wa ukoo wakakaa barazani wakakata shauri: siku mjane atakapotoka eda, gari likiwa linatembea, libaki kwake na watoto wake, likiwa limekufa, liuzwe chuma chakavu, kila mrithi achukue fungu lake. Shemeji yangu, mdogo wa marehemu, akaitikia upesi, maana alishachungulia gereji akaona hali ilivyo. Nikamsikia kwa masikio yangu, niko nyuma ya pazia: "Gari hilo lishamfuata mwenyewe."

Limfuate wapi? Siku zote nilikuwa namlilia mume wangu, lakini siku ile nililia kwa hasira. Bila gari nilikuwa narudi kwa kaka zangu, nikale kwa kupimiwa na wake zao. Mimi? Ng'o! Labda wanibebe.

Sasa, mjane aliye kwenye eda hatoki ovyo. Hajipambi, hajifukizi udi, hakai na wanaume wasio maharimu zake, anavaa nguo nyeupe na kutulia. Fundi hakuwa na pa kupita. Lakini gereji ilikuwa ndani ya ua wangu, imepakana na jiko, na mimi miaka yote nilikuwa msaidizi wa mume wangu, kwa sababu springi ya valvu inamshinda mtu mmoja. Springi unaivisha kwenye shina la valvu, juu yake unaweka kisahani cha chuma, halafu unakandamiza mpaka springi inywee. Hapo mwenzako anapachika vifungo viwili vidogo, kila kimoja nusu ya pete, havizidi punje ya mahindi. Vikikaa sawasawa unaachia, kisahani kinavibana. Visipokaa, springi inakurukia usoni.

Kukandamiza naweza, mwili ninao. Wa kupachika ndiye sikuwa naye. Mtu mzima pekee niliyekuwa naye ndani ni mama mkwe, aliyehamia kwangu kunikalisha eda. Mama wa marehemu, na mama wa huyo huyo shemeji.

"Mama," nikamwambia, "niazime vidole vyako."

Aliacha kusuka ukili, akanitazama juu mpaka chini. "Umerukwa na akili, mwanangu? Mjane na grisi wapi na wapi?"

"Nimekatazwa manukato, mama. Grisi nani kaikataza?"

Nilidhani atanifokea. Akacheka, akacheka mpaka kile kicheko kikageuka kilio, akamlilia mwanawe pale pale mkekani. Alipomaliza akajifuta kwa upindo wa kanga, akainuka. "Kazi ya mikono sawa," akasema. "Kelele sitaki. Injini isiungurume nyumba ya msiba mpaka eda iishe, watu watatusema."

Nikakubali. Maana yake ni kwamba nitaifunga injini nzima na sitaijaribu hata mara moja mpaka siku ile ile wanayokuja kuichukua. Lakini ningemkatalia vipi?

Marehemu alikuwa amejitengenezea kipande cha bomba alichokikata dirisha ubavuni. Unakisimamisha juu ya kisahani, unakilalia kwa uzito wako wote, na mwenzako anaingiza kifungo kupitia lile dirisha, amekigandisha kwa grisi kwenye ncha ya kidole. Valvu ya kwanza mama mkwe aliitukana kwa Kimwera, sitafsiri. Zilizofuata akazizoea, vidole vilivyozoea ukili havitetemeki. Springi moja mimi niliipindua juu chini, wakati upande wenye mizunguko ya karibu karibu ndio wa kukaa chini, ikabidi tuifungue tena. Nyingine ilitufyatukia, ikapiga bati paa! na wakati ule ule kulikuwa na wanawake sebuleni waliokuja kunipa pole.

"Paka!" mama mkwe akawapazia sauti. "Paka wa hapa hawana adabu!"

Nilipotokea kuwaamkia, mmoja akalikodolea macho doa jeusi kwenye nguo yangu nyeupe. Mama mkwe akamwahi: "Unashangaa nini? Mjane hapiki?" Yule mama akanywa chai yake.

Tulipomaliza nikagonga kila shina kwa mpini wa nyundo, nyuso tumezigeuza pembeni. Hakuna kilichochomoka. Jirani yangu, mwanamke mwenye mabega, akanisaidia kuinua hedi, kile kichwa cha injini kinachobeba valvu, kuirudisha mahali pake, na mkanda wa injini nikaufuatisha alama za rangi alizoziacha mume wangu. Betri nikaichaji kwa sola.

Siku ya kutoka eda nilioga, nikavaa kanga mpya. Shemeji naye hakukawia. Alikuja na mnunuzi wa vyuma, kenta imejaa minyororo, na pikipiki yake akaiegesha katikati ya geti. Wazee wakakaa kwenye viti kushuhudia.

"Pole, shemeji," akaniambia kwa sauti ya upole wa kuazima. "Umemaliza salama. Wacha sasa vijana walivute."

"Wasubiri," nikamwambia. Nikaingia ndani ya gari.

Nikazungusha ufunguo. Injini ikajizungusha, ikakohoa, ikanyamaza. Mnunuzi akacheka. Nikarudia, ikakohoa tena, ikafa, na sasa hata wazee wakaanza kutazamana. Jasho lilinitoka mpaka usukani ukateleza. Nikasema kwa sauti, simwambii mtu yeyote: "Waka, mwanaharamu wewe, tumekufunga mimi na mama wa mwenyewe!" Nikazungusha tena.

Ikawaka. Ilitoa moshi mzito, ikatikisika, halafu ikatulia, inanguruma sawasawa, valvu hazigongi hata kidogo. Mama mkwe akapiga kigelegele mlangoni, mbele ya mwanawe, wala hakuwa na habari naye. Mzee mmoja akamwambia mnunuzi ageuze kenta yake.

Nikarudi kinyumenyume mpaka getini, nikashusha kioo.

"Shemeji," nikamwambia, "sogeza pikipiki, nawahi samaki Sudi."

Akaisogeza.